Bibi kapatikana, je mtoto arudi nyumbani lini?

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni afisa ustawi wa jamii, nina miezi minne kazini. Nina mtoto wa kiume wa miaka 7, yuko makao ya watoto hapa Dodoma toka ana miaka 4 baada ya mama yake kufariki. Sa hivi bibi mzaa mama kapatikana Kondoa na anamtaka. Makao wanasema Ijumaa gari lipo nimpeleke, na mwenyekiti wa kijiji kashaandika barua. Nimpeleke?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ijumaa nenda na hilo gari, ila nenda wewe, mtoto abaki.

Kurudi ni haki yake kabisa, Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ana haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, na miongozo ya Umoja wa Mataifa ya malezi mbadala (yaani malezi ya mtoto asiyeishi na wazazi wake) ya mwaka huohuo inasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na familia, kwa hiyo mtu akikuambia bibi ana nyumba ya udongo usimsikilize. Ila kabla hujapanda gari fungua faili uangalie huyo mtoto aliingiaje makao. Kama mahakama ilitoa amri basi unarudi mahakamani na taarifa yako ya uchunguzi wa kijamii, yaani maandishi ya uliyoyakuta kuhusu mtoto na familia yake, barua ya mwenyekiti inathibitisha tu kwamba bibi anaishi pale, haimkabidhi mtu mtoto.

Ukifika kwa bibi kaa mpaka jioni. Usimuulize "utaweza kumlea?" maana hakuna bibi atakayekujibu hapana. Muulize mtoto atalala wapi na nani, maji wanachota wapi, yeye akienda shamba nani anabaki nyumbani, na kwa upole muulize hii miaka mitatu alikuwa anajua mjukuu yuko wapi. Ongea na watoto wengine wa hapo wakiwa peke yao.

Halafu kuna hili ambalo wengi tunalisahau, je mtoto anajua mama yake amefariki? Watoto wengi wanaambiwa mama kasafiri. Sasa huyu anafika kwa bibi anaonyeshwa kaburi. Aambiwe kabla, na mtu anayemwamini, na umuulize yeye mwenyewe anataka nini, maoni yake nayo yako kwenye sheria.

Nakuambia haya kwa sababu nilishakosea. Mwanzoni mwa kazi nilimpeleka binti wa miaka 8 kwa shangazi yake kwa siku moja tu kama unavyotaka kufanya, wiki haijaisha shangazi ananipigia anasema mtoto mwizi. Nikaenda, tukainua godoro tukakuta matonge ya ugali yamekauka, kayafunga kwenye karatasi ya daftari. Makaoni chakula kilikuwa kinakuja kengele ikilia, hajawahi kukiona kinapikwa, pale kwa shangazi kengele hamna, kwa hiyo alikuwa anajiwekea akiba ya kesho. Mimi sikumwandaa shangazi hata kidogo. Mwezi haukuisha akarudi makao, na mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo bibi umwambie mapema, mtoto anaweza kukojoa kitandani, anaweza kuficha chakula, usiku atalia akimuita mlezi wa zamu, na hayo yote sio tabia mbaya. Bibi aje makao kwanza hata mara mbili tatu, mtoto aende likizo arudi, ndo ahamie, na mlezi aliyemzoea amsindikize. Uhamisho wa shule, cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na picha zake ziwe tayari. Baada ya hapo wiki za mwanzo piga simu mara kwa mara, nenda mwenyewe, mkabidhi na kwa mwenzetu wa ustawi kule Kondoa, na bibi aijue namba 116, ile simu ya msaada kwa watoto. Makao wakikusukuma waambie akirudishwa kwa haraka, ile nafasi wanayotaka iwe wazi ataijaza yeye yule yule.

Ukishafungua faili niandikie kama amri ya mahakama ipo au haipo, tutaanzia hapo.