Joto kwanza, maziwa baadaye: kulea watoto wa mbwa waliofiwa na mama

Ukiletewa watoto wa mbwa waliozaliwa juzi na mama yao hayupo, akili inakimbilia maziwa. Unapasha kikombe cha maziwa ya ng'ombe, unatafuta bomba la sindano, unaanza kudondosha mdomoni. Kukicha wawili wamekufa, na nyumba nzima inasema maziwa ya ng'ombe ndiyo yamewaua. Mara nyingi wanayasingizia. Kilichowaua ni baridi.

Naishi Njombe, mahali ambapo neno baridi halihitaji maelezo. Mwezi wa sita na wa saba usiku unashuka chini ya nyuzi 10, na sakafu ya saruji inakuwa kama barafu. Wa kwanza niliowalea walikuwa wa mbwa wetu wenyewe, jike la kienyeji lililogongwa na lori la mbao kwenye barabara ya Songea, watoto wake hata macho hawajafungua. Tangu hapo mtaa ukaamua mimi ndiye mtu wa kupigiwa simu. Ninayoandika hapa ndiyo ninayowaambia wanaopiga, na ninaanza na swali ambalo wengi hawalitarajii: mama yao amekufaje?

Kama aligongwa na gari au alikufa kwa uzazi, sawa, tuendelee. Kama siku za mwisho alibadilika tabia, akawa anauma ovyo, anadondosha mate, ameshindwa kumeza au miguu imelegea, usiwashike watoto kwa mikono mitupu. Mpigie kwanza afisa mifugo wa kata. Aliyekwisha kuumwa, au aliyeingiwa na mate kwenye mchubuko, aoshe sehemu ile kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, kupona ni kwa nadra mno. Huruma isikutangulie.

Swali la pili: kuna mbwa mwingine mtaani aliyezaa karibuni? Jike mwenye watoto wachache na maziwa ya kutosha anakushinda wewe na mimi kwa kila kitu. Wapanguse wageni kwa kitambaa alicholalia na watoto wake ili wachukue harufu yake, wachanganye na wake, kisha kaa uangalie. Akiwalamba, umeokoka. Akinguruma, waondoe, usimlazimishe. Kama watoto hawajamaliza siku moja tangu kuzaliwa, jike huyo ana thamani zaidi, maana dang'a yake, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, ndiyo kinga yao. Utumbo wa mtoto wa mbwa unapitisha kinga hiyo kwa saa 24 za kwanza tu, hapo baadaye mlango unafungwa. Asiyeipata aishi kama mgonjwa: mikono safi kila mara, wageni wasimshikeshike, mbwa wengine wakae mbali.

Umekosa mama wa kambo? Basi tuongee kuhusu joto.

Mtoto wa mbwa mchanga hawezi kujipasha. Wiki ya kwanza hata kutetemeka hajui. Joto lake la mwili siku hizo ni nyuzi 35 hadi 37, chini ya lile la mbwa mkubwa, ambaye hupita 38. Likishuka chini ya 35, utumbo unaacha kufanya kazi. Maziwa unayompa hapo hayasagwi, yanakaa tumboni yakichacha, au yanapanda na kuingia mapafuni. Kipimo cha haraka ni kidole chako. Mtie mdomoni. Kama mdomo ni wa baridi na hanyonyi, weka maziwa pembeni.

Mpashe taratibu. Njia ninayoiamini kuliko zote ni kumtia ndani ya shati, ngozi kwa ngozi, halafu ujifunge sweta juu. Itachukua saa moja, mbili, hata tatu. Usimtumbukize kwenye maji ya moto, usimsogeze jikoni. Joto la ghafla linamwangusha mtoto ambaye moyo wake unapiga polepole. Wakati unasubiri, paka matone machache ya maji ya glukosi au sukari kwenye fizi zake, maana sukari ya mwili huisha haraka. Ukiona ameanza kujinyonganyonga na kutafuta chuchu kwenye mbavu zako, sasa ana njaa ya kweli.

Kisha boksi. Lolote la katoni linafaa, lenye kuta ndefu na kitambaa kisicho na nyuzi za kunasa kucha. Hapa kwetu bahati ni kwamba karibu kila mtaa una mfuga kuku, na taa ya vifaranga inafanya kazi ileile. Ining'inize upande mmoja wa boksi, upande mwingine ubaki na ubaridi kidogo ili mtoto akizidiwa ajiburute aondoke. Wiki ya kwanza pale wanapolala pawe na nyuzi 29 hadi 32, wiki ya pili 26 hadi 29, kisha unashusha kidogokidogo. Umeme ukikatika, jaza chupa za soda maji ya moto, zifunge kwa kanga kuukuu, ubadilishe kila zinapopoa. Chupa iliyopoa humnyonya mtoto joto badala ya kumpa. Jiko la mkaa chumbani, hapana. Hewa yake ya sumu haina harufu, na haichagui kati ya mbwa na wewe uliyelala kando yao.

Kipimajoto kinasaidia, ila watoto wenyewe wanasema. Wakirundikana na kulia, wanasikia baridi. Wakitawanyika kila mtu kona yake huku wakihema, wamezidiwa. Wakilala ubavu kwa ubavu, kimya, na miguu inarukaruka usingizini, hapo ndipo. Kurukaruka huko si degedege, usiamke saa nane usiku kunipigia.

Jambo moja ambalo sijaliona kwenye maelekezo ya watu wa nchi za baridi: siafu. Usiku mmoja wa mvua wanaweza kummaliza mtoto asiyeweza kutembea. Weka boksi juu ya meza, na kila mguu wa meza uusimamishe kwenye kopo lenye maji.

Sasa maziwa. Maziwa ya mbwa yana protini na mafuta karibu mara mbili ya yale ya ng'ombe, lakini sukari ya maziwa pungufu. Ndiyo maana maziwa ya ng'ombe matupu hayamkuzi, na yakizidi yanamharisha. Ya mbuzi watu wanayasifu sana, lakini kwa hesabu hiyo hayatofautiani sana na ya ng'ombe. Bora kuliko yote ni maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa mbwa. Dar es Salaam na Arusha yapo. Sisi wa huku tunaagiza yanakuja na basi. Mpaka yafike, mchanganyiko wa dharura ni huu: mililita 240 za maziwa ya ng'ombe yasiyoondolewa mafuta, yaliyochemshwa na kupoa, viini viwili vya mayai bila ute, kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia, na tone moja la vitamini za matone za watoto wachanga. Koroga hadi yawe kitu kimoja, weka kwenye friji, yakipita saa 24 mwaga. Kila mlo pasha kiasi unachohitaji tu, yawe vuguvugu kama mwili, ujaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono. Asali usitie, hata bibi akisisitiza.

Kiasi ndicho kinachowachanganya watu. Wiki ya kwanza mtoto anahitaji karibu mililita 20 kwa siku kwa kila gramu 100 za uzito wake. Mwenye gramu 300 basi ni mililita 60 kwa siku, ukigawa kwenye milo minane inakuwa saba au nane kwa mlo. Tumbo lake halibebi zaidi ya mililita 4 kwa kila gramu 100 kwa mara moja, kwa hiyo usijaribu kufidia mlo ulioukosa kwa kulala ukapitiliza. Na ndiyo, milo minane maana yake ni kuamka saa sita, saa tisa, na saa kumi na mbili alfajiri. Wiki ya pili unaweza kwenda kila saa nne. Kama nyumbani mko wawili, gawaneni usiku. Peke yako ukiwa na kazi ya ofisini, usichukue watoto sita kwa huruma halafu waishie kufa mikononi mwako; tafuta wa kusaidiana naye kabla hujasema ndiyo.

Wakati wa kulisha, mtoto alale kifudifudi juu ya kitambaa, kichwa kimeinuka kidogo, kama anavyonyonya kwa mama yake. Akina mama wenye huruma hapa mtaani wote humpakata chali kama mtoto wa mtu. Chali, maziwa yanaingia kwenye njia ya hewa, na siku mbili baadaye una nimonia. Chupa ya chuchu ndogo ni bora, tundu liwe la kudondosha ukiigeuza, lisiwe la kumwaga. Kama una bomba tu, toa sindano, sukuma tone kwa tone kwa mwendo wa yeye kumeza. Maziwa yakitoka puani, acha papo hapo na umwinamishe kichwa. Asiyeweza kunyonya kabisa hulishwa kwa mpira unaofika tumboni, lakini hilo akuonyeshe daktari wa mifugo kwa macho yako. Mpira ukikosea njia unajaza mapafu.

Baada ya kila mlo kuna kazi ambayo hakuna anayeisema kwenye mazungumzo ya kistaarabu. Mtoto wa mbwa hajui kukojoa wala kunya mwenyewe hadi afike kama wiki tatu. Mama humlamba ndipo atoe. Wewe chukua pamba, ichovye maji ya vuguvugu, msugue polepole huko chini mpaka atoe. Ukiruka kazi hii tumbo litajaa na atakufa akiwa ameshiba. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, hana maji ya kutosha. Choo kizuri ni cha kahawia au njano, laini lakini chenye umbo. Cha majimaji ya njano kwa kawaida maana yake unamlisha kupita kiasi: punguza, au zimua maziwa kwa maji yaliyochemshwa kwa mlo mmoja au miwili. Cha kijani, kijivu au cheupe, nenda kwa daktari.

Mizani ya jikoni ni ya lazima. Mtie kila mtoto alama ya rangi ya kucha mgongoni, wapime kila asubuhi kabla ya mlo, uandike. Mwenye afya anaongeza kila siku, na akifika siku ya saba hadi ya kumi uzito wake wa kuzaliwa uwe umejirudia mara mbili. Asiyeongeza leo mwangalie kwa makini. Anayepungua usisubiri kesho. Kwa macho huoni. Tumbo la maziwa linadanganya.

Viroboto wanaweza kummaliza damu mtoto mdogo hivyo. Wachane kwa kitana chembamba, au muoshe kwa sabuni laini na umkaushe haraka chini ya taa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe usimguse nayo, wala usiizimue ukidhani itakuwa salama.

Na wengine watakufa. Aliyezaliwa dhaifu, mwenye mdomo uliopasuka ndani, aliyekosa dang'a. Hilo lisikukalie moyoni.

Waliobaki watafungua macho kati ya siku ya 10 na 14. Wiki ya pili hiyohiyo wape dawa ya minyoo kwa uzito wao, kipimo akupe mtaalamu, urudie kila wiki mbili hadi wafike wiki nane. Usiseme bado wadogo: minyoo hupita kutoka kwa mama hata kabla hawajazaliwa, na mayai yake yakiingia kwa watoto wa nyumbani yanaleta madhara, kwa hiyo mikono ioshwe. Wiki ya tatu kuelekea ya nne, meno yakichomoza, mimina maziwa kwenye sahani bapa na ukoroge humo uji laini. Watakanyaga, watapiga chafya, watajifunza. Kisha ongeza nyama iliyosagwa au dagaa wa Nyasa waliopondwa, wasio na chumvi. Kitunguu usitie.

Wasitenganishwe kabla ya wiki nane hata kama wanakuchosha. Mbwa anajifunza kupima nguvu ya meno yake kwa ndugu zake. Akimuuma sana mwenzake, mchezo unakufa. Aliyelelewa peke yake na chupa, aliyeruhusiwa kung'ata vidole kwa sababu ni mdogo na anapendeza, anafika miezi sita akiuma watu. Ukiwa naye mmoja tu, mtafutie wenzake wa umri wake, waliochanjwa.

Chanjo ya parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, huanza wiki ya sita, ikirudiwa kila wiki tatu au nne hadi wiki ya kumi na sita. Ya kichaa cha mbwa ni miezi mitatu. Karibu na 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, halmashauri nyingi huchanja bila malipo, uliza ofisi ya mifugo.

Kuhusu kuwagawa: madume yatapata wenyewe kabla hata hayajaacha chupa. Majike ndiyo yanayobaki, kila mtu akisema hataki kuzaliwa watoto uani kwake. Mimi simpi mtu jike mpaka tumekubaliana nani atalipa kufungwa kizazi na lini, na asiyetaka mazungumzo hayo namwambia jike linabaki kwangu.