Kumtania mume aliye mgonjwa kitandani

Swali: Sheikh, mume wangu alipatwa na kiharusi, huu mwezi wa nne hainuki kitandani. Nikimlisha uji humtania: "Bwana harusi, fungua mlango, mgeni anabisha hodi." Hucheka kwa upande mmoja wa mdomo, akala. Shemeji yangu amenikemea kwamba nyumba ya mgonjwa ni ya istighfari, ya kumwomba Mungu msamaha, na Qur'ani imesema watu wacheke kidogo walie sana. Tangu hapo namlisha kimya. Hula vijiko viwili, akageuza uso. Je, nilikuwa nakosea?

Jibu: Hukukosea, binti yangu. Swali lako limenisononesha, kwa kuwa umenyamazishwa kwa aya isiyokuhusu.

Aya hiyo ni ya 82 katika Surat At-Tawba. Shemeji angeanzia aya ya 81 angewaona wanaosemwa: wanafiki waliobaki nyuma katika safari ya vita ya Tabuk, wakafurahia kukaa majumbani na kuwaambia wenzao wasitoke kwenye joto. Kicheko chao ni cha mtu aliyekimbia wajibu. Wewe wajibu wako unao mkononi, ni hicho kijiko! Kumtupia aya ya wanafiki mke anayeuguza ni dhuluma, na aliyefanya hivyo aombe msamaha.

Atasema ipo hadithi kwamba kucheka sana huua moyo. Ipo, na neno lenyewe ni "sana". Mtume, rehema na amani zimshukie, hakuwa mtu wa kununa. Maswahaba walimwambia, "Wewe unatutania," akajibu kwamba hasemi ila kweli. Na anayeona uso uliokunjwa ndio ucha Mungu, amsikilize Anas, swahaba wa Mtume, akisimulia habari za Zahir. Huyu alikuwa mtu wa jangwani, sura yake haikuwa ya kupendeza. Siku moja yuko sokoni anauza vitu vyake, Mtume akamjia kwa nyuma akamkumbatia. Zahir akafurukuta: "Niachie, nani huyu?" Alipomtambua, akazidi kuubana mgongo wake kwenye kifua cha Mtume. Mtume akanadi, "Nani atanunua mtumwa huyu?" Zahir akasema, "Basi utanikuta sina bei." Akajibiwa, "Lakini kwa Mwenyezi Mungu wewe ni ghali."

Mumeo naye, huku akilishwa kama mtoto, huenda anajiona hana bei tena. Ukimwita bwana harusi unamrudishia cheo chake nyumbani.

Uongo wa kuchekesha watu umekatazwa, hilo unalijua. Ila mdomo wake uliopinda usiutanie kamwe mbele ya wageni, hata yeye mwenyewe akianza. Na utani uje kabla ya kijiko, uji ukiwa mdomoni usimchekeshe: mwenye kiharusi hupaliwa upesi. Mkalishe wima, ameze kwanza.

Istighfari anayoitaka shemeji ni njema. Isomeni pamoja baada ya uji, mumeo afuatishe kwa moyo kama ulimi ni mzito.

Sikuona katika swali lako nani anakupokea wewe. Miezi minne ni mingi. Mwambie shemeji, kwa heshima, ashike zamu ya jioni mara mbili kwa wiki, amlishe ndugu yake kwa mkono wake, nawe uende kwa mama yako au ulale. Akisita, mwonyeshe jibu hili.