Injini Yangu Ilichemsha Kwenye Baridi Kali

Juzi msomaji kaniandikia: asubuhi za baridi akikaza mwendo, mshale wa joto unashuka karibu na C na hita inapuliza ubaridi, akikwama kwenye foleni unapanda wenyewe. Je, azibe rejeta (kile kipozea maji ya injini) kwa boksi? Nikacheka, kicheko kikanikauka. Swali hilo niliwahi kulijibu kwa vitendo, likanilia gasketi ya silinda hedi.

Gari langu lilikuwa na dalili hizohizo. Nikakata boksi, nikaziba rejeta lote, sikuacha hata upenyo wa kidole. Siku tatu nikatamba: mshale katikati, hita moto, nami nagawa ushauri (mimi!). Siku ya nne nikakutana na mlima, gari limesheheni. Nje nyasi zimeganda umande, ndani nasikia harufu tamu ya kulanti (maji ya kupozea injini yenye dawa ya kuzuia kuganda) kabla hata sijautazama mshale. Nilipofungua boneti, mvuke ulinivaa usoni. Boksi lilikuwa limelowa, limegandamana na rejeta kama ngozi ya pili.

Kumbe kisa chote ni thamostati, kile kilango kinachofungua na kufunga njia ya maji kwenda kwenye rejeta kulingana na joto. Fundi aliyewahi kulishika gari aliing'oa, eti haina kazi, wala hakuniambia. Bado inaniuma. Thamostati nyingi hufunguka kwenye nyuzi 82 hadi 92 hivi. Kabla ya hapo maji huzunguka ndani ya injini bila kupitia rejeta. Ikikosekana, au ikikwama wazi, maji yanapita kwenye rejeta muda wote na upepo wa mwendo unayapokonya joto. Ukisimama upepo unakata, mshale unapanda. Basi.

Kwa hiyo, ndugu zangu, thamostati kwanza. Tuache kuziba dalili. Kulanti nayo ipimwe: maji matupu huweza kuganda kwenye rejeta thamostati ikiwa bado imefunga, injini ikachemsha huku rejeta ni barafu. Wala msiusingizie upepo kwamba ndio ulioyagandisha; hauwezi kuyapoza maji kupita baridi ya hewa yenyewe.

Wapo wenye malori wanaofunga pazia mbele kwenye baridi kali, sikatai. Ila pazia hilo huachwa uwazi katikati, usawa wa feni, na hufunguliwa kukipata joto au mlima. Na hata hao, thamostati zao ni nzima. Narudia: thamostati.

Jana msomaji kanijibu. Wamefungua kikasha cha thamostati yake. Ndani hamna kitu.