Kazi ilijazwa bila tangazo, na ripoti inadaiwa

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naendesha ofisi ya kituo kidogo cha redio huku Minnesota. Tuko tisa, ila watatu ni watangazaji wa wikendi, saa 12 tu kwa wiki. Mwezi wa tano bosi alimwajiri mtu wa kuuza matangazo bila kuitangaza kazi. Aliwauliza tu wafanyakazi kama kuna mtu wanayemjua. Sasa anataka niandike kwenye ripoti ya fursa sawa za ajira kwamba tuliitangaza mtandaoni. Sheria inatuhusu kweli, wachache hivi? Na nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiandike hivyo. Kuajiri bila tangazo ni kosa linaloweza kuleta faini, lakini kuidanganya Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ni kuitia leseni yenyewe hatarini.

Sheria inawahusu. FCC humhesabu anayefanya kazi saa 30 au zaidi kwa wiki, na kituo chenye watu watano wa namna hiyo hubanwa na masharti yote ya kutafuta waombaji. Nyinyi mko sita. Marufuku ya ubaguzi, hiyo inakihusu kila kituo, hata chenye mtu mmoja.

Kila nafasi ya saa 30 lazima itangazwe kwa upana, na taasisi zilizoomba kupewa habari za nafasi zenu zipelekewe. Tangu 2017 tangazo la mtandaoni peke yake linaweza kutosha, mradi liwafikie watu wa jamii zote za eneo lenu. Kuulizana wenyewe kwa wenyewe hakutoshi. Binamu wa mtangazaji anaweza kuwa hodari, lakini aliye nje ya mduara wenu hakupata hata nafasi ya kujaribu, na hilo ndilo linalozuiwa.

Kwa hiyo kwenye ripoti itaje kazi ile kwa cheo chake, na kwenye chanzo cha aliyeajiriwa andika ukweli: alielekezwa na mfanyakazi. Weka pia idadi ya waliosailiwa mwaka mzima na kila mmoja alitoka chanzo gani. Kabla ya kuipandisha ripoti mtandaoni, mpelekee wakili wa kituo aone maelezo gani yaambatane nayo. Kwa Minnesota inatakiwa iwe kwenye faili la umma la mtandaoni, lile la kituo chenu lililo kwenye tovuti ya FCC, ifikapo 1 Desemba, na kwenye tovuti yenu kama mnayo.

Wengi hudhani ripoti hii inauliza rangi ya walioajiriwa. Haiulizi. Mwaka 1998 mahakama ya rufaa ya Washington ilitengua masharti ya zamani kwa sababu yalisukuma vituo kuajiri kwa kuangalia rangi, na kanuni za sasa, za 2002, zinaangalia mlivyotafuta watu.

Mnadaiwa pia shughuli mbili kila miaka miwili za kuwavuta watu kwenye utangazaji, mfano programu ya wanafunzi kujifunza kazi kituoni, au ufadhili wa masomo. Maonyesho ya ajira mkihudhuria manne, yanahesabiwa shughuli moja.

Sasa weka faili moja kwa kila nafasi. Siku tangazo linapotoka, lichapishe likiwa na tarehe, utie na barua pepe mlizotuma. Kwenye karatasi ya usaili swali la kwanza liwe: “Habari ya kazi hii uliipata wapi?” Niliwahi kukaa siku nzima na meneja mmoja tukipekua barua pepe za miaka miwili kutafuta jibu la swali hilo, na kwa watu wanne hatukulipata. Kila mwaka FCC hukagua kwa bahati nasibu takriban asilimia 5 ya vituo, na huomba karatasi hizohizo. Zitunze mpaka leseni ihuishwe.

Bosi akikataa, muombe agizo lake kwa maandishi, nawe usitie sahihi.