Maswali Yenu: Sarafu za Kale za Kirumi

Swali: Nina sarafu ndogo ya shaba, kipenyo milimita 17, uzito gramu 2.4. Upande mmoja una kichwa cha mtu na herufi CONSTANTI, zinazofuata zimesagika. Upande wa pili kuna askari wawili wenye mikuki, katikati yao bendera mbili, na chini SMKA. Je, ni ya Constantinus Mkuu?

Jibu: Yawezekana, ila herufi hizo tisa hazitoshi. Mtawala huyo alikuwa na mwana aliyeitwa Constantinus kama yeye, na mwingine Constantius. Kwa hiyo usikazane na jina, kazana na mwisho wa maandishi. MAX AVG ni baba. IVN NOB C ni mwana aliyerithi jina. NOB C bila IVN ni Constantius, na maandishi yake kwa kawaida huanza na FL IVL. (Kumbuka Warumi waliandika V mahali pa U.)

Kabla ya kusema mwisho umefutika, zima taa ya juu, weka tochi pembeni ikimulika karibu sawa na uso wa meza, kisha zungusha sarafu polepole chini ya kioo cha kukuzia mara 10. Herufi iliyosagika hutupa kivuli chembamba ambacho mwanga wa moja kwa moja hukifuta. Ukishindwa kabisa, tazama kichwani: utepe wenye vito kwa kawaida ni wa baba, taji la majani ni la wana.

Bendera mbili zinaiweka sarafu yako kati ya mwaka 330 na 335 hivi. Baadaye ilibaki bendera moja na uzito ukashuka hadi karibu gramu 1.5, kwa hiyo picha na mizani yako vinakubaliana. K ni mji wa Cyzicus, katika Uturuki ya leo, na A ni karakana ya kwanza ya kiwanda cha sarafu cha huko. Aina hii ilipigwa kwa wingi mno. Iliyosagika haina bei ya kutisha.

Swali: Niisafishe kwa siki au limau?

Jibu: Hapana, wala brashi ya waya. Katika shaba ya kale, mara nyingi sura na herufi zimebaki ndani ya ule utando wa kijani au mweusi. Asidi ikiula, unabaki na shaba nyekundu yenye vishimo. Loweka kwenye maji yaliyokenekwa, badilisha kila yanapochafuka, hata kwa wiki kadhaa, kisha ng'oa udongo kwa kijiti cha meno. Ukiona unga wa kijani kibichi unaopukutika kwa ukucha, hiyo ni kutu ya kloridi inayochochewa na unyevu: itenge, ikaushe, na uifungie kwenye chombo kikavu chenye vipakiti vya silika.

Swali: Nimeuziwa dinari ya fedha ya mtawala Trajan. Ina gramu 2.5 tu. Ni bandia?

Jibu: Dinari zake nzima hukaribia gramu 3.3, kwa hiyo una haki ya kushuku. Lakini kuna bandia za aina mbili. Waghushi wa enzi hizohizo walifunika shaba kwa ngozi ya fedha. Ukingoni au pua ilipolika utaona wekundu ukichungulia. Hiyo ni ya kale, na wapo wanaoikusanya. Bandia ya leo ya kumiminwa huwa na mshono ukingoni, viputo vidogo usoni, na herufi laini kama sabuni iliyotumika. Tafuta pia pacha wake kwenye picha za minada. Sarafu halisi zilipigwa moja moja kwa nyundo: mbili zaweza kutoka chapa moja, yaani mhuri mmoja wa kupigia, lakini haziwezi kulingana umbo la ukingo na kila kovu. Zikilingana, angalau moja ni nakala.

Swali: Kuna inayofanana na yangu inatangazwa kwa dola 900. Yangu nayo ni hivyo?

Jibu: Bei ya tangazo ni matamanio ya muuzaji. Tafuta mauzo matatu au zaidi yaliyokamilika ya aina ileile, chapa ya kiwanda ileile na hali ileile, ukiangalia kama bei imejumlisha ada ya mnada. Ndani ya aina moja, uso uliokaa katikati na maandishi kamili huongeza bei mara kadhaa. Mikwaruzo na usafishaji mkali huishusha.

Historia ya umiliki nayo ina uzito. Mwaka 2020 sarafu ya dhahabu ya Brutus yenye maneno EID MAR, ukumbusho wa kuuawa kwa Julius Caesar ambako Brutus alishiriki, iliuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni 3. Hati za asili yake zikaonekana ni za uongo, na mwaka 2023 ikarudishwa Ugiriki. Basi tunza risiti na bahasha kuukuu, hata zile zenye mwandiko usiosomeka.