Jibu kwa mleta uzi: seva ya akiba ya mfumo wa SACCOS, iwekwe wapi na itunzwe vipi

Ndugu mleta uzi, umeuliza mambo matatu: kama seva ya akiba ya SACCOS yenu inaweza kukaa chumba kile kile ilipo seva kuu hapa Dodoma mjini, kama nakala ya kila usiku inatosha, na kama ile kompyuta ya zamani iliyobaki stoo inafaa kwa kazi hiyo. Nimetunza kwa miaka kadhaa mfumo unaofanana na wenu, yaani programu ya Java inayoendeshwa ndani ya Tomcat (programu ya seva inayobeba programu za Java) na hifadhidata ya PostgreSQL, na nitajibu kwa yale yaliyonikuta, mengine yakiwa ya aibu.

Chumba kimoja hapana. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha data cha OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa, kiliungua, na wapo wateja waliogundua siku hiyo kwamba hata nakala zao za akiba zilikuwa pale pale. Sisi seva ya pili tuliiweka kwenye tawi letu la Singida, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa, ikiunganishwa kwa mtandao wa faragha. Umbali huo unakinga dhidi ya moto, wezi na bomba lililopasuka darini. Haukingi dhidi ya kukatika kwa umeme, kwa sababu Dodoma na Singida zote zinategemea Gridi ya Taifa, kwa hiyo UPS (betri ya kushikilia umeme kwa muda mfupi) na jenereta bado vinahitajika kote kuwili.

Kuhusu nakala ya usiku, mwombe kwanza meneja wako ajibu kwa maandishi maswali mawili: mnaweza kuvumilia kupoteza miamala ya muda gani, na mnaweza kukaa bila huduma kwa muda gani? Wetu aliandika dakika 5 na saa 1. Kama nakala huchukuliwa saa sita usiku na seva ikafa saa kumi jioni, marejesho yote ya siku hiyo mtayatafuta kwenye vishina vya stakabadhi. Kinachokidhi jibu kama la meneja wetu ni urudufishaji wa mfululizo, ambapo kila badiliko linalofanyika Dodoma linafika Singida ndani ya sekunde chache. Nakala za usiku hata hivyo msiziache, kwani karani akifuta kumbukumbu za wanachama kwa bahati mbaya, ufutaji huo nao utafika Singida ndani ya sekunde hizo hizo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi hulipita haraka: seva ya akiba isipoangaliwa inaweza kuiua seva kuu. Ili Singida isipitwe na mabadiliko pale mtandao unapokatika, tulitengeneza sloti ya urudufishaji, ambayo kazi yake ni kuizuia seva kuu isifute faili lolote la WAL (kumbukumbu ambamo PostgreSQL huandika kila badiliko) ambalo seva ya akiba haijalipokea. Faili moja la WAL kwa kawaida ni MB 16. Mimi, kwa kujiona makini, nilikuwa nimeweka pia archive_timeout, yaani muda wa juu kabla faili la WAL halijafungwa hata kama halijajaa, kuwa sekunde 60, na maana yake ni kwamba kila dakika yenye badiliko hata moja inafunga faili zima la MB 16. Kwa kuwa tulikuwa na kazi ndogo iliyoandika hali ya mfumo kila dakika, usiku na mchana, hiyo ni karibu GB 1 kwa saa, hata ofisi ikiwa imefungwa.

Ijumaa moja saa kumi na mbili jioni, LUKU ya tawi la Singida iliisha. Wafanyakazi walikuwa wameshaondoka. UPS ilibeba kama nusu saa, nayo ikazima. Hakuna aliyepata taarifa, kwa sababu programu ya kutuma tahadhari nilikuwa nimeiweka kwenye seva ile ile iliyozimika. Jumapili usiku diski ya Dodoma, iliyokuwa na nafasi ya kama GB 50, ikajaa, na PostgreSQL ikasimama, kama inavyofanya ikikosa mahali pa kuandika. Jumatatu asubuhi nilikuta foleni imefika nje ya mlango, na mhasibu wetu, mama mtu mzima, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, si ulisema hii ya pili ndiyo itakayotuokoa?"

Nilihamisha nakala za zamani kwenye diski ya nje ili nipate nafasi, nikaiwasha hifadhidata, nikaifuta sloti, kisha nikaijenga upya seva ya Singida kwa pg_basebackup, zana ya PostgreSQL ya kunakili hifadhidata nzima. Usithubutu kufuta kwa mkono mafaili yaliyomo ndani ya pg_wal, folda ya mafaili ya WAL, hata ukiwa umebanwa namna gani. Tangu siku hiyo tumeweka max_slot_wal_keep_size, yaani kikomo cha WAL ambayo sloti inaweza kuizuia isifutwe, kuwa GB 20. Kipimo hiki kipo kuanzia toleo la 13, na usipokiweka hakuna kikomo. Ikizidi hapo, Singida itaachwa nyuma na nitaijenga upya, lakini Dodoma itaendelea kuhudumia. Archive_timeout niliiondoa, na tahadhari zinatoka kwenye mashine ya tatu.

Kwa upande wa programu yenyewe, kumbuka kwamba urudufishaji wa hifadhidata haubebi picha na vitambulisho vya wanachama vilivyohifadhiwa kama mafaili. Hivyo tunavinakili kwa rsync, programu ya kunakili mafaili kati ya mashine, kila baada ya dakika 5. Zima pia kazi zote za ratiba kwenye seva ya akiba. Yetu ya kutuma ujumbe wa kukumbusha marejesho tuliisahau ikiwa imewashwa, na kwa kuwa hifadhidata ya Singida inasomeka tu bila kuandikika, ilituma ujumbe, ikashindwa kuweka alama ya "umetumwa", ikatuma tena. Mzee mmoja wa Mpwapwa alitupigia baada ya ujumbe wa 11.

Kuhamia seva ya akiba kusifanyike kwa otomatiki mkiwa na vituo viwili tu. Mtandao ukikatika katikati, Singida itadhani Dodoma imekufa, na zote mbili zitaanza kupokea miamala. Kuipatanisha baadaye ni kazi ya wiki nzima. Kwetu meneja ndiye anayeamua kwa simu, mimi nahakikisha seva ya Dodoma imezimwa, kisha natoa amri ya pg_promote, inayoifanya seva ya Singida kuwa seva kuu. Punguzeni mapema hadi sekunde 300 muda ambao kompyuta huhifadhi majibu ya DNS (huduma inayotafsiri jina la seva kuwa anwani yake), kwa sababu kuupunguza siku ya tukio hakusaidii waliokwisha kuhifadhi anwani ya zamani. Sisi tunafanya zoezi hili Jumamosi moja kila baada ya miezi mitatu.

Ile kompyuta ya stoo inafaa, mradi iwe na diski isiyopungua ile ya seva kuu, RAM ya kuhudumia matawi yote kwa siku kadhaa, mfumo endeshi wa aina ile ile, na PostgreSQL ya toleo kuu lile lile, kwani la 13 haliwezi kupokea urudufishaji wa aina hii kutoka la 15. Diski yake ya zamani ningeitoa na kununua mpya.