Barua kwa mwanangu: kujitolea kukilipiwa

Mwanangu mpenzi,

Swali lako nililisoma usiku, nikalala nalo, nikaamka nalo. Unasema wahitimu wenzako wa chuo cha wanawake wanachangishana ili kuanzisha tuzo ya fedha kwa wanafunzi wanaojitolea kuihudumia jamii, nawe mkono umesita: kujitolea kukishalipiwa, bado ni kujitolea?

Nianze na jambo ambalo sijawahi kukusimulia. Nikiwa mwaka wa pili chuoni, likizo ndefu, wenzangu watatu walikwenda kuwafundisha kina mama watu wazima kusoma na kuandika. Nami niliitwa. Nilitamani kwenda mpaka nikaota naandika ubaoni. Sikwenda, kwa sababu likizo nzima nilikuwa jikoni naosha vyombo kwa ujira, nipate ada ya muhula uliofuata. Waliporudi walisifiwa kwa moyo wao, na walistahili. Lakini moyo hata mimi nilikuwa nao. Nilichokosa ni miezi miwili isiyo na deni.

Kwa hiyo nakujibu: changia. Kinachonunuliwa pale ni muda wa binti. Wema alikuwa nao tangu mwanzo. Ni nauli, chakula, pango, na kile kidogo ambacho angewapelekea wazazi. Bila hivyo, kujitolea kunabaki kuwa sifa ya waliotoka kwenye familia zenye uwezo, na sifa hiyo hiyo baadaye ndiyo inayowafungulia milango ya kazi.

Wala si jambo geni. Mary Lyon alipotaka kufungua shule ya juu ya wasichana huko South Hadley, Massachusetts, Marekani, alizunguka kwa watu na mkoba wa mahameli ya kijani akiomba michango, akipokea hata senti sita. Shule ikafunguliwa Novemba 1837 na wanafunzi wapatao 80. Leo ndiyo Chuo cha Mount Holyoke. Ada ilikuwa dola 60 kwa mwaka, na wasichana walifanya kazi za nyumbani wenyewe ili isipande. Nampenda mwanamke huyu kwa zile senti sita. Nawe usiuonee haya mchango wako.

Ila kabla hujatoa, waulize waandaaji: pesa inatoka lini? Hili ndilo kubwa kwangu. Tuzo inayokabidhiwa jukwaani kazi ikishaisha ni pongezi, na humfikia yule ambaye tayari aliweza kwenda. Itoke kabla ya likizo, mkononi mwa anayeitegemea.

Kama wanataka mfuko wa wakfu, mtaji hauguswi, hutumika faida, aghalabu asilimia 4 au 5 kwa mwaka. Dola 50,000 zitatoa kama 2,000 hivi, posho ya msichana mmoja. Mkiwa wachache, naona heri mgawe mnachochanga kila mwaka kuliko kungoja mtaji unenepe huku mabinti wakihitimu. Na wale wanaohudumiwa nao waulizwe kama walifaidika.

Mimi changu nimeshakitenga. Nitumie namba ya akaunti, na jina langu lisiandikwe popote. Pale penye maelezo ya mchango andika tu: kwa ajili ya likizo ndefu.

Mama yako